Mfyulisi wa Mkwe

Bwana Majani alikuwa amekalia kigoda cha mama mkwe, na hilo peke yake lilitosha kumtoa Kasiani jasho la aibu kabla hajaulizwa hata neno moja. Kigoda chenyewe hakikuwa cha wageni. Kilikuwa cha jikoni, cha mama yule kukalia akipika, na mpagazi mmoja asiye na adabu alikwenda kukichukua bila kupiga hodi, akakipangusa kwa kiganja na kumwekea Mzungu wake chini ya mfyulisi. Kasiani aliyaona yote hayo akiwa amejibanza nyuma ya ghala la mahindi. Hakuweza kutoka. Mkwe alikuwa uani akipepeta maharage, na kwa Waluguru wa mlima ule, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemezani, wala hawatajani majina.

"Kasiani! Unajificha nini huko?" Bwana Majani aliita kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Njoo. Mti hauumi."

Wapagazi wakacheka. Mkwe akasikia kicheko, akajua sababu yake, akajisogeza na ungo wake mpaka nyuma ya ukuta wa jiko ili mume wa binti yake apate kupita. Ndivyo walivyoishi miaka tisa katika kiwanja kimoja, huyu akitokea huku, yule anapotelea kule. Hawakugombana hata siku moja. Sasa watagombana vipi watu wasiosemezana?

Jina la Bwana Majani alipewa na watu, maana Mdachi yule kila alipoona jani asilolijua alilichuma akalilaza katikati ya karatasi. Alikuwa na shamba la miche chini ya mlima wa Bondwa, pembeni ya mji wa Morogoro, mwendo wa saa tatu kutoka kijijini, na Kasiani alikuwa mtunza bustani wake kwa mwaka wa sita. Alishuka kila Jumatatu, akapanda kurudi Jumamosi. Huko chini Bwana alikuwa na mifyulisi thelathini iliyoletwa kwa meli kutoka kwao Ulaya, na yote ilikuwa masikitiko matupu. Ilisimama vijiti vitupu ikingoja baridi ya kwao, na baridi ya kwao haikuja. Basi Jumatatu moja ya Oktoba, mwaka wa tatu tangu reli ifike mjini, Kasiani akafungua furushi lake la chakula cha mchana, ndani mna mafyulisi manne aliyofungiwa na mkewe, Magdalena. Bwana Majani akamkuta analila moja. Hakuomba, alimnyang'anya mkononi, akauma upande uliobaki, maji yakamtiririka ndevuni, akauliza mti wake uko wapi.

Ijumaa ya wiki ile ile akapanda mlima na wapagazi sita, mizani, mitungi na daftari, Kasiani akiwaonyesha njia.

Alipima kila kitu. Alipima urefu wa jani na upana wake, akahesabu vinundu viwili kwenye kikonyo, akazungusha utepe kwenye shina. Alipasua fyulisi kwa kisu: nyama nyeupe, wekundu kidogo katikati, na kokwa yenyewe ikabanduka safi bila kung'ang'ania. "Inabanduka!" alimwambia Kasiani, kana kwamba Kasiani hajalila tunda hilo miaka minne. Akaandika. Akachora. Kisha akaagiza matunda yote yachumwe, mengine yatiwe kwenye mitungi ya spiriti, mengine apelekewe bibi yake, na vitawi vya mwaka ule vikatwe, vifungwe kwenye majani ya mgomba yaliyoloweshwa maji, vikabebeshwe kwenye miche huko chini ili vishikane nayo. Wapagazi wakapanda mtini. Mmoja alikanyaga tuta la maharage, na mwingine akakanyaga pale pale alipokanyaga mwenzake. Mfyulisi uliokuwa mwekundu wa matunda asubuhi ukabaki umenyolewa kama mfiwa.

"Huu si mti wa kubahatisha," Bwana Majani alisema, kalamu mkononi. "Mtu ameuchagua. Nani ameuotesha?"

Kasiani alijua. Kijiji kizima kilijua. Miaka kumi na mitano nyuma, mama mkwe wake aliokota kokwa tatu kwenye jaa la misheni alipokuwa akiwapelekea mapadri mboga. Miti ya kwanza ilizaa vitunda vichungu kama shubiri. Akapanda kokwa za tawi lililokuwa na nafuu. Ya pili ikazaa matunda makubwa, lakini yakaiva mvuani na kuozea mtini. Akaikata kuni, akabakiza mmoja uliowahi kidogo, akapanda kokwa zake. Akang'oa tena, akabakiza tena. Watu walimcheka kwamba analima kuni. Miti kumi na saba ilipita mikononi mwake mpaka akaupata huu mmoja, unaotosheka na kibaridi cha Julai, unaoivisha kabla ya vuli. Kazi ya Kasiani katika yote hayo ilikuwa kula.

Jina lilikuwa pale pale kooni. Miaka tisa hajalitamka, hata kwa kuteleza ulimi. Jirani yao Rosa alipozaa mtoto akampa jina hilo hilo, Kasiani alimwita mtoto "yule mdogo wa Rosa" na basi.  Angeweza kusema ni mama wa mke wangu. Angeweza kuelekeza kidevu jikoni. Lakini Bwana alikuwa anamtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazamia katika miaka sita ya jembe na ndoo, jicho la mtu anayemwona mtu mwenzake, na Kasiani akalipenda jicho lile. Tuseme ukweli jamani, alilipenda.

"Nani? Wewe?"

"Mimi, bwana."

Nyuma ya ukuta wa jiko, ungo ukanyamaza. Magdalena, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, alimtazama mumewe mara moja tu, akageuka ndani. Bwana Majani aliandika jina kwa herufi kubwa, akalipigia mstari. Kisha ungo ukaanza tena, taratibu.

*

Jioni chakula kilikuja kama siku zote. Mkwe alipika, Magdalena akabeba, akaweka mkekani ugali na bakuli la maharage. Juu ya ugali palikuwa na fyulisi moja, lililojificha nyuma ya majani wapagazi wasilione.

"Hili la nini?" Kasiani aliuliza.

"Mama kasema mwenye mti ale."

Damu ilimpanda Kasiani mpaka masikioni. "Magdalena."

"Kula, kinapoa."

"Ulitaka nifanye nini? Nimtaje mama yako kwa jina, mbele ya wapagazi?"

"Mimi sijasema kitu."

"Ni heshima ile. Unajua ni heshima."

Magdalena akacheka kicheko kikavu, kisicho na furaha hata tone. "Heshima! Haya. Leo umemheshimu mama mpaka umemvua nguo."

"Ningesema 'mama wa mke wangu' asingeelewa."

"Kwani Mdachi hana mama? Angeelewa." Akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza. "Hata kidevu, Kasiani. Kidevu tu kilikushinda?"

Kasiani akanawa mikono. Alikula ugali kwa kuuzunguka, asiliguse lile tunda, na alipomaliza hakujua alitupe au alirudishe. Kulila hakuweza. Akaliweka juu ya uchaga wa kukaushia mahindi, na pale likaoza siku nne, likajaza nyumba nzima harufu yake nzuri, na hakuna aliyeliondoa.

*

Jumatatu Bwana Majani aliwapanga vibarua wote mstari mmoja, akamwita Kasiani mbele na kumvisha koti jeupe la kitambaa kizito cha marekani lenye vifungo vya shaba. Kuanzia siku ile hatashika jembe. Ni fundi wa miche. Kazi yake kukata jicho la kitawi, kulichomeka kwenye gome la mche na kulifunga, na akimaliza, kugonga vibati vya jina herufi kwa herufi kwa nyundo ndogo. Miche mia mbili, vibati mia mbili, na kila kimoja KASIANI, kama mti utakavyoitwa kwenye karatasi ambayo Bwana alikuwa anaiandika kupeleka kwao Ulaya.

Na kwa nini nimfiche? Alifurahi. Kibati cha kwanza alikigeuza geuza juani. Kibati cha kumi alikuwa bado anakisoma. Kilipofika cha hamsini, jina likaanza kumtazama vibaya, akawa anagonga huku ameangalia pembeni.

Jumamosi alipanda mlima amevaa koti, maana hakujua pa kulificha. Pale kijito kinapokatiza njia wanawake walikuwa wanafua, na Rosa, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alisimama na nguo ikimchuruzika maji.

"Karibu, mwenye mti!"

"Ahsante, Rosa."

"Koti zuri hilo! Limeota kwenye mti gani na lenyewe? Tuletee kokwa!"

Wakaangua kicheko, wengine wakapigana viganja. Kasiani akacheka nao kidogo, cheko la kuombea njia, akapita. Alipokata kona akalivua, akalikunja, akalishindilia chini kabisa ya kapu, vifungo kwa ndani. Alijiona mdogo. Alitamani apotee kabisa, aonekane tena kijijini baada ya watu wote kusahau.

*

Jumapili akaja Mjomba Mwinjuma. Alikuwa kaka yake mama mkwe na ndiye mkubwa wa ukoo. Kule kwao ardhi ni ya upande wa mama, na mjomba akija akakaa uani kwako bila kuomba maji, ujue hakuja kusalimia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mzee akamtazama toka juu mpaka chini. "Koti liko wapi?"

"Lipo ndani, mjomba."

"Livae."

"Ah, mjomba, joto hili..."

"Nimesema livae. Nataka kuzungumza na mwenye koti."

Kasiani akaingia ndani, akalitoa kapuni limekunjamana, akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja kwa vidole vizito. Akatoka akasimama juani. Watoto wa jirani wakaja kutazama, Magdalena akawafukuza.

"Mti huo kauotesha nani?" Mjomba Mwinjuma akauliza.

"Mjomba, si unajua."

"Najua. Nataka kusikia kama na wewe unajua."

"Ni... ni mkwe."

"Ala! Kumbe neno unalo! Mdachi alipokuuliza lilikwenda wapi?"

"Nilishikwa na haya, mjomba."

"Ulishikwa na tamaa. Haya ndiyo imekushika leo." Mzee hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Sikiliza, Kasiani. Uliingia hapa na panga na kapu, tukakupokea. Si vibaya. Sote wanaume tunaingia kwa wake zetu hivyo hivyo, hata mimi. Lakini anayepokewa haandikishi vya waliompokea. Leo Mdachi ameuliza mti, umesema wako. Kesho atauliza shamba lenye mti ni la nani. Naye akisema lako ni lake, maana wewe ni mtu wake, mimi nitakwenda kulima wapi? Watoto wako wewe watalima wapi?"

Hilo Kasiani hakuwa amelifikiria.  Aliona matuta ya maharage, migomba, nyumba mbili na jiko katikati, vyote vikiingia katika daftari lile moja kwa neno lake la "mimi, bwana."

"Hiyo karatasi ya Mdachi inaondoka lini?"

"Alhamisi, na treni ya barua."

"Basi kabla ya Alhamisi, Mdachi alisikie jina la dada yangu kutoka kinywani mwako. Jina, si mkwe, si mama fulani. Ruhusa ya kulitamka nimekupa mimi. Ukishindwa, Jumamosi usipande. Panga lako na kapu lako tutakuletea kijitoni."

Kasiani alitega sikio jikoni. Alijua mkwe yuko pale, anasikia kila kitu. Alingoja neno lolote, la kumtetea au la kummaliza.

"Magdalena," sauti ya mkwe ikasema nyuma ya ukuta, "mpe mjomba wako maji." 

*

Njiani Jumatatu alilijaribu jina peke yake. Mara ya kwanza lilitoka kama pumzi, akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. Mara ya pili likatoka zima, akaona haya kana kwamba amekutwa uchi kisimani. Mpaka anafika shambani alikuwa amelisema mara saba.

Lakini Jumatatu Bwana alikuwa na wageni. Jumanne Bwana aliamka na homa, ana hasira na kila mtu. Jumatano asubuhi mpishi alisema bado anakula. Visingizio havimwishii mtu anayevitafuta. Alasiri ya Jumatano, jua likielekea mlimani, Kasiani akavua kofia na kuingia ofisini. Mezani palikuwa na bahasha nene, na Bwana Majani alikuwa anadondoshea nta nyekundu juu yake. Ukutani, msumari mmoja ulishika kofia ya Bwana, na wa pili ukashika kiboko.

"Unataka nini?"

"Bwana, lile jina. Katika karatasi." Akasogea hatua moja. "Mti si wangu, bwana. Mimi sikuuotesha. Ameuotesha mkwe wangu."

"Mkwe? Nani, mkwe?"

Akalisema. Lilitoka vizuri, silabi zote, mbele ya mwanamume wa kigeni, na Kasiani alihisi uso unamwaka moto kama aliyemtukana mzazi.

Bwana Majani aliweka chini nta yake. "Mwanamke?"

"Ndiyo, bwana. Miaka kumi na mitano. Aling'oa miti kumi na saba, bwana, akabakiza—"

"Mwanamke wa mlimani, hajui kusoma, amechagua mbegu miaka kumi na mitano." Alisema taratibu, kama anayerudia hadithi ya mtoto. "Nimeandika hapa kwamba mti huu umeoteshwa na mtunza bustani wangu, niliyemfundisha mimi. Nimeandika kurasa tisa. Vibati mia mbili vimegongwa, umevigonga wewe. Sasa wewe unaniambia uliniongopea?"

Kasiani akaikunja kofia yake mkononi.

"Nakuuliza mara moja. Kama uliniongopea, unajua hesabu yake, viboko hamsa ishirini, na koti unavua. Kama hukuniongopea, unachukua kibati hiki na misumari hii, unakwenda kukigonga kwenye mti mama. Jumatatu napanda kukitazama. Uliniongopea?"

Macho ya Kasiani yalikwenda ukutani yenyewe. Alikuwa ameona mtu akipigwa hamsa ishirini pale pale uani, mwaka juzi, na alikuwa amesaidia kummwagia maji baadaye. Jina alikuwa ameshalisema. Ruhusa ilikuwepo, kinywa kilikuwepo, kilichobaki ni neno moja fupi.

"Hapana, bwana," akasema.

Akapewa kibati na misumari minne na nyundo.

*

Jumamosi alifika kijitoni akasimama. Hapakuwa na panga wala kapu lililoletwa, wala Rosa hakuwepo, Mungu bariki. Hakujua apande au arudi. Hatimaye alipanda kwa sababu nyundo ilikuwa nzito na hakutaka kukaa nayo njiani.

Magdalena alikuwa uani anamenya viazi. Alimwona, akamwacha akae, akamwacha anywe maji.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Jina?"

"Jina."

Uso wa Magdalena ukafunguka. Wiki mbili Kasiani alikuwa hajauona uso ule, na sasa ulikuwa mbele yake, na ilitosha kunyamaza tu aendelee kuwa nao. Nani angetoka mjini kuja kumkanusha? Lakini kibati kilikuwa kapuni, na Jumatatu Bwana angekuja kukitazama.

"Nililisema, kisha nikalirudisha," akasema.

"Jina linarudishwaje?"

"Aliniuliza kama nilimwongopea. Kiboko kilikuwa ukutani, Magdalena. Nikasema hapana." Akatoa kibati, akakiweka mkekani kati yao. "Nimeagizwa nikipigilie kwenye mti."

Magdalena hakujua kusoma, lakini hakuhitaji kusoma. Aliacha kisu. "Hebu niambie ulimwambia nini. Kama ulivyomwambia hasa. Nataka kusikia kama kweli ulisema."

Kasiani alikuwa amechoka kuogopa. Hakushusha sauti, wala hakuangalia pembeni. "Nilimwambia, bwana, mti si wangu. Mti ni wa Chausiku."

"Abee," sauti ikaitika nyuma ya ukuta wa jiko.

Kisu kikamponyoka Magdalena. Kasiani alibaki kinywa wazi. Aliyeita na akaitikiwa hana budi kusema alichoitia, nayo miaka tisa haikumfundisha namna ya kusema na mama yule hata neno la salamu. Alimtazama mkewe amsaidie. Magdalena aliinama, akarudi kwenye viazi vyake.

"Abee," ikasema tena. "Nimeitwa, nasikiliza."

"Mama," Kasiani akasema. "Nimekuletea aibu. Nimekuletea kibati kina jina langu. Bwana anataka kipigiliwe kwenye mti wako. Na mjomba aliniambia nikishindwa nisipande, nami nimeshindwa, na nimepanda."

Mlango wa jiko ukasukumwa, na mkwe akatoka mbele yake waziwazi. Kasiani akageuza uso haraka kama alivyozoea. Aliona miguu yake tu, miguu mipana iliyopasuka visigino.

"Nyundo unayo?"

"Ndiyo, mama."

"Iweke chini. Mfyulisi haupigwi msumari. Ukiujeruhi unatoa gundi, gundi inaita wadudu, mwaka wa pili umekufa. Miaka sita ya bustani hawakukufundisha hilo?"

"Hawakunifundisha, mama."

"Basi jifunze. Magdalena, mpe kamba ya mgomba." Akangoja mpaka kamba ikaletwa. "Mwinjuma nitasema naye mimi. Utakaa hapa, watoto wana baba. Na hicho kibati utakifunga, maana huyo bwana wako akija asikikute atatukanyagia maharage mara ya pili. Lakini shina linanenepa. Kila mwaka, matunda yakishachumwa, utakuja kulilegeza. Si Magdalena, si mtoto. Wewe. Na utanipigia hodi kwanza. Jina lako lisije likaninyongea mti."

Kasiani alikwenda chini ya mfyulisi ulionyolewa. Kwenye makovu ya visu, vichipukizi vidogo vilikuwa vimeanza kutoka. Akapiga magoti, akazungusha kamba kwenye shina, kibati kikageukia njia, na fundo likakataa mara mbili. Nyuma yake mkwe alikuwa amekalia kigoda chake, hakujificha, anatazama. Kasiani alivuta kamba, akafunga.

"Umekaza," akasema mkwe. "Legeza."

Akalegeza.